Benazir Bhutto: maswali yanayorudi kila ifikapo Desemba 27

Benazir Bhutto aliuawa Rawalpindi jioni ya tarehe 27 Desemba 2007. Tangu siku hiyo Wapakistani wameshindwa kuafikiana juu yake: alitawala vipi, alifukuzwa madarakani kwa hila au kwa makosa yake, nani alimuua, na nani ana haki ya kulibeba jina lake. Majibu ya hapa chini hayakuandikwa ili kila upande utabasamu. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi, na mengine yanatosheka kwa mistari michache.

Kwa asiyemjua kabisa, Benazir alikuwa nani?

Alikuwa kifunguamimba wa Zulfikar Ali Bhutto, mwinyi wa Larkana katika jimbo la Sindh, aliyeanzisha chama cha PPP (Pakistan People's Party) mwaka 1967 na kuwaahidi wanyonge "roti, kapra aur makan", yaani mkate, nguo na nyumba. Benazir alizaliwa Karachi tarehe 21 Juni 1953, akasoma Harvard, kisha Oxford. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi nyumbani wakati Jenerali Zia-ul-Haq alipompindua baba yake, aliyekuwa waziri mkuu, Julai 1977. Aprili 1979 baba akanyongwa katika jela ya Rawalpindi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kizuizi cha nyumbani, upweke wa jela ya Sukkur, na uhamisho London. Aprili 1986 alitua Lahore akapokewa na umati ambao wazee wa mji ule wanausimulia mpaka leo. Zia akafa katika ajali ya ndege tarehe 17 Agosti 1988, uchaguzi ukafanyika, na tarehe 2 Desemba Benazir akaapishwa kuwa waziri mkuu akiwa na umri wa miaka 35. Aliondolewa Agosti 1990. Akarudi Oktoba 1993, akaondolewa tena Novemba 1996. Hakumaliza muhula hata mmoja, ingawa kwa Pakistan hilo si ajabu: hakuna waziri mkuu wa nchi ile aliyewahi kutimiza miaka mitano kamili.

Ni kweli alikuwa mwanamke wa kwanza kutawala nchi ya Waislamu?

Kwa njia ya kura, katika dola ya kisasa, ndiyo. Lakini si wa kwanza kutawala Waislamu. Delhi ilikuwa na Radhia Sultana kuanzia 1236 hadi 1240, na hapa pwani yetu Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Mashehe wa Pakistan waliosimama mimbarini mwaka 1988 wakisema jambo hili halijapata kutokea walikuwa wameruka kurasa nyingi.

Kwa nini wengine humwita "Shaheed" na wengine hukataa?

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana neno ni lilelile. Shahidi kwetu ni yule aliyekufa kwa ajili ya haki, na pia ni yule anayesimama kizimbani kueleza alichokiona. Huko Pakistan wafuasi wake humwandika Shaheed Mohtarma Benazir Bhutto, na katika nyaraka za serikali ya Sindh hutalikosa neno hilo. Baba yake naye ni Shaheed, na ndugu zake wawili vilevile.

Wanaokataa wana sababu za aina mbili. Wapo wa dini, wanaosema cheo hicho hutolewa na Mwenyezi Mungu na si na kamati ya chama. Wapo pia wa siasa, wanaoona kwamba mtu akishaitwa shahidi hesabu zake hufungwa: ukimuuliza habari za fedha, unaambiwa unatukana damu. Mimi nalitazama neno hili kwa jicho la tatu. Kesi ya mauaji ya shahidi huyu imeshindwa kupata mashahidi, na huo ndio mzizi wa nusu ya ugomvi wote utakaousoma hapa.

(Na "Bibi"? Wafuasi humwita Bibi au BB. Si bibi wa kuzaa mama. Ni heshima kwa mwanamke, karibu na Bi wetu.)

Wanaomtetea wanataja nini hasa?

Huanza na milango iliyofunguliwa Desemba 1988. Wafungwa wa kisiasa walitoka, vyama vya wafanyakazi na vya wanafunzi vikaruhusiwa tena, magazeti yakapata pumzi baada ya miaka 11 ya Zia. Kizazi kilichokulia chini ya viboko vya hadharani hakikusahau asubuhi zile.

Halafu huja orodha ya wanawake. Benki ya wanawake ilifunguliwa mwaka 1989. Mwaka 1994 vikaanzishwa vituo vya polisi vinavyoongozwa na wanawake, na mwaka huohuo mwanamke akawa jaji wa Mahakama Kuu kwa mara ya kwanza nchini humo. Machi 1996 Pakistan ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Lakini ukinisukuma nitaje moja tu lenye uzito, nitataja wahudumu wa afya wa vijijini, mpango wa mwaka 1994. Mwanamke wa kijijini aliyepata elimu ya kiasi hufundishwa, kisha huingia nyumba kwa nyumba, mahali ambapo daktari mwanamume hakaribishwi ndani, akizungumza habari za uzazi wa mpango, chanjo na mimba. Mpango ule ulikua mpaka ukawa na wahudumu karibu laki moja. Wahudumu haohao ndio waliokuja kupigwa risasi na wanamgambo kuanzia 2012 kwa kosa la kutoa matone ya polio. Kampeni ya matone hayo Benazir aliizindua mwaka 1994 kwa kumdondoshea bintiye mdogo, Aseefa, mbele ya kamera.

Watetezi pia husema, na hapa ushahidi uko upande wao, kwamba hakuachiwa usukani. Mwaka 1988 chama chake kilipata viti vingi kuliko kingine chochote bila kufika nusu. Alipokabidhiwa serikali alitakiwa kumkubali Ghulam Ishaq Khan kuwa rais, kumbakiza waziri wa mambo ya nje wa enzi ya Zia, na kutogusa nyuklia wala Afghanistan. Juu ya hapo kulikuwa na kifungu cha 58(2)(b), kilichochomekwa katika katiba mwaka 1985, kilichompa rais uwezo wa kuvunja Bunge na kumtimua waziri mkuu. Kifungu hicho kilimwangukia mara mbili, na mara ya pili aliyekishika alikuwa Farooq Leghari, mwanachama wake mwenyewe aliyempandisha urais.

Na uchaguzi wa 1990 aliposhindwa? Oktoba 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba uchaguzi ule ulichafuliwa: mkuu wa jeshi na mkuu wa shirika la ujasusi la ISI wa wakati huo walihusika kugawa mamilioni ya rupia kwa wapinzani wake. Uamuzi ulichukua miaka 22. Kwa hiyo mtu akikuambia Benazir alikuwa akilalamika ovyo kuhusu majenerali, mrudishe kwenye uamuzi huo.

Na wanaomlaumu?

Lawama zao ni nyingi, na haifai kuzifukia.

Katika muhula wa kwanza hakupitisha sheria yoyote kubwa. Sheria za Hudood za Zia za mwaka 1979, zilizomweka mwanamke aliyebakwa katika hatari ya kushtakiwa kwa zinaa akikosa mashahidi wanne wanaume, alizikuta na akaziacha. Zilikuja kulegezwa mwaka 2006, chini ya Jenerali Pervez Musharraf, mwanajeshi aliyekuwa akitawala, kwa kura zilizoungwa mkono na chama cha Benazir kikiwa upinzani. Watetezi husema hakuwa na wingi wa kutosha bungeni. Ni kweli hakuwa nao. Lakini wanawake walioandamana Lahore dhidi ya sheria za Zia wakati yeye akiwa kizuizini walitarajia walau ajaribu kwa sauti.

Kisha Afghanistan. Taliban walichukua Kandahar mwishoni mwa 1994 na Kabul Septemba 1996, na miaka yote hiyo waziri mkuu wa Pakistan alikuwa Benazir. Waziri wake wa mambo ya ndani, Naseerullah Babar, alikuwa mlezi wao aliyejulikana. Serikali ya Nawaz Sharif, mpinzani wake aliyeshika uwaziri mkuu baada yake, ndiyo iliyowatambua rasmi mwaka 1997, na wafuasi wa Bibi huishikilia tarehe hiyo kama ngao. Haiwakingi sana. Mwanamke aliyekuja kuuawa na watu wanaodhaniwa kuwa wa ukoo huo wa itikadi alikuwa madarakani wakati kitoto kikifundishwa kutembea.

Wakazi wa Karachi wa asili ya Muhajir, yaani waliohamia kutoka India mwaka 1947, wana kumbukumbu yao: msako wa 1995 dhidi ya chama chao cha MQM, na vijana waliokutwa wamekufa baada ya kukamatwa. Wapakistani wanaolipa bili za umeme nao wana yao. Sera ya mwaka 1994 iliwaita wawekezaji binafsi kujenga mitambo na kuwaahidi malipo yaliyofungamanishwa na dola, hata pale mitambo isipotumika. Mgao wa umeme ulipungua kwa muda. Deni halikupungua.

Hebu tuseme wazi: alikuwa fisadi au hakuwa?

Hapa kila upande una karatasi ya kukuonyesha, na kila karatasi ina upande wa pili.

Aprili 1999 mahakama ya Lahore ilimhukumu yeye na mumewe Asif Ali Zardari kifungo cha miaka mitano. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo kwa sababu majaji walikuwa na upendeleo, baada ya kuvuja kwa kanda za simu za jaji akiwasiliana na watu wa serikali ya Nawaz Sharif. Mwaka 2003 hakimu wa Geneva aliwakuta na hatia ya kutakatisha fedha zilizotokana na kamisheni za kampuni za ukaguzi wa mizigo, akaamuru warudishe mamilioni ya dola pamoja na mkufu wa almasi. Walikata rufaa, na kwa utaratibu wa Uswisi hukumu ile ikaporomoka ili uchunguzi uanze upya. Uchunguzi haukufika mwisho.

Kuna kituko katika hadithi hii nisichokipita. Jaji aliyenaswa kwenye kanda za 1999 aliitwa Malik Qayyum. Mwaka 2008, akiwa sasa mwanasheria mkuu wa serikali, ni yeye aliyewaandikia Waswisi kwamba Pakistan haina tena haja na kesi. Mtu yuleyule alimfunga, na mtu yuleyule akamfungulia, mara zote mbili kwa kufuata upepo wa Islamabad.

Ilipofika 2012 Mahakama ya Juu ilimtaka Waziri Mkuu Yousuf Raza Gilani wa PPP awaandikie Waswisi kuifufua kesi dhidi ya Zardari, aliyekuwa rais wakati huo. Gilani alikataa, akapoteza kiti chake kwa kudharau mahakama. Barua ilipokuja kuandikwa na mrithi wake, Waswisi walijibu kwamba wakati umeshapita.

Zardari amekaa jela takriban miaka 11 kwa vipindi tofauti bila hukumu iliyosimama, na jina la "Bwana Asilimia Kumi" halijamtoka. Afrika Mashariki tunaelewa bila mkalimani, maana teni pasenti tunaijua. Binafsi naamini fedha zile zilikuwa na maelezo mabaya. Naamini pia kwamba waliomshtaki hawakutafuta fedha, walitafuta kichwa chake. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na ndiyo maana hakuna anayeshinda mjadala huu.

Kaka yake aliuawaje, na kwa nini linaendelea kuuma?

Murtaza Bhutto alikuwa mdogo wa Benazir kwa mwaka mmoja na ushei. Baada ya baba yao kunyongwa alichagua bunduki, akaongoza kundi lililoitwa Al-Zulfikar akiwa Kabul na Damascus. Alirudi Pakistan mwishoni mwa 1993, akagombana na dada yake juu ya chama, na mama yao, Nusrat, akaegemea upande wa mtoto wa kiume. Benazir akamwondoa mama yake katika uenyekiti wa PPP.

Tarehe 20 Septemba 1996 polisi walimpiga Murtaza risasi pamoja na wenzake sita, hatua chache kutoka nyumba ya familia, Clifton namba 70, Karachi. Waziri mkuu wa nchi alikuwa dada yake. Karibu wiki saba baadaye Rais Leghari akaifuta serikali. Zardari alishtakiwa na baadaye akaachiwa, na polisi walioshtakiwa nao wakaachiwa mwaka 2009. Hakuna aliyefungwa.

Fatima, binti wa Murtaza, alikuwa na miaka 14. Amekua kuwa mwandishi, na kitabu alichokitoa mwaka 2010 kinamhesabu shangazi yake kuwa na dhamana ya kiutawala juu ya damu ile. PPP husema mauaji yalipangwa ili kuiangusha serikali ya Benazir, na humnukuu yeye mwenyewe akilia pekupeku hospitalini. Sikia pande zote mbili kwa makini, lakini kumbuka kwamba huu si ubishi wa kisiasa tu. Ni mirathi na msiba wa nyumba moja unaosomwa mbele ya taifa.

Alirudi 2007 kwa mkataba na dikteta?

Ndiyo, ingawa wafuasi hupendelea neno upatanisho. Tarehe 5 Oktoba 2007, siku moja kabla ya kuchaguliwa tena kuwa rais, Jenerali Pervez Musharraf alitia saini amri iliyofuta kesi za wanasiasa na watumishi zilizofunguliwa kati ya 1986 na 1999. Zaidi ya watu 8,000 walinufaika, wengine wakiwa na kesi za mauaji. Marekani na Uingereza ziliusukuma mpango huo kwa nyuma. Desemba 2009 Mahakama ya Juu iliibatilisha amri nzima.

Kinachosahauliwa ni kwamba mwaka mmoja na nusu kabla, Mei 2006, alikuwa London akitia saini Mkataba wa Demokrasia na adui wake wa zamani, Nawaz Sharif. Walikubaliana kwamba hakuna atakayeshirikiana na jeshi kumpindua mwenzake. Waliomwamini kwa saini ya London waliona saini ya Musharraf kama usaliti. Hata hivyo mbegu ya London ilizaa: marekebisho ya 18 ya katiba, mwaka 2010, yalifuta uwezo wa rais kuvunja Bunge kwa hiari yake na kuyarudishia majimbo mamlaka mengi. Sidhani kuna kazi nyingine yenye mkono wake, hata baada ya kufa, iliyodumu kama hiyo.

Nani alimuua?

Tuanze na yanayojulikana. Tarehe 18 Oktoba 2007, usiku wa kurudi kwake, mabomu yalilipuka kando ya msafara wake eneo la Karsaz, Karachi, yakaua zaidi ya watu 130. Yeye alinusurika. Tarehe 27 Desemba alihutubia Liaquat Bagh, Rawalpindi, bustani iliyopewa jina la Liaquat Ali Khan, waziri mkuu wa kwanza, aliyepigwa risasi hapohapo mwaka 1951. Wakati wa kuondoka alisimama kupitia paa la gari kuwapungia watu. Kijana alifyatua risasi, kisha akajilipua. Zaidi ya watu 20 walikufa pamoja naye.

Siku ya pili serikali ilimtaja Baitullah Mehsud, kiongozi wa Taliban wa Pakistan. Msemaji wake alikana, na Mehsud mwenyewe akauawa na ndege isiyo na rubani ya Marekani Agosti 2009. Wapelelezi wa Scotland Yard, polisi wa London, walioalikwa kuchunguza chanzo cha kifo peke yake, walisema Februari 2008 kwamba aliuawa na kishindo cha mlipuko kilichogonga kichwa chake kwenye ukingo wa paa la gari, si risasi. Chama chake hakikukubali.

Benazir mwenyewe alikuwa ameacha ujumbe wa barua pepe kwa rafiki yake Marekani, Mark Siegel, kwamba akidhurika atamhesabu Musharraf kuwa na lawama kwa kumnyima ulinzi. Musharraf alifunguliwa mashtaka mwaka 2013. Mei mwaka huohuo mwendesha mashtaka wa kesi hiyo, Chaudhry Zulfiqar Ali, alipigwa risasi barabarani Islamabad akiwa njiani kwenda mahakamani. Agosti 2017 mahakama ya kupambana na ugaidi iliwaachia washukiwa watano wa Taliban, ikamtangaza Musharraf kuwa mtoro, na kuwafunga maofisa wawili wa polisi miaka 17 kila mmoja kwa uzembe. Miezi miwili baadaye maofisa hao walikuwa nje kwa dhamana. Musharraf alifia Dubai Februari 2023.

Ukihesabu, aliyefyatua ni maiti, anayedaiwa kumtuma ni maiti, aliyelaumiwa kwa kutomlinda ni maiti, na aliyekuwa akiwashtaki ni maiti.

Mbona inasemwa mahali pa tukio palioshwa?

Kwa sababu palioshwa. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Heraldo Muñoz wa Chile ilitoa ripoti Aprili 2010, na sehemu hii husomeka kama hadithi ya kubuni. Chini ya saa mbili baada ya mlipuko polisi walileta mabomba ya zimamoto wakaimwagilia barabara. Vilikusanywa vielelezo 23 tu, katika tukio ambalo lilipaswa kutoa maelfu. Madaktari waliomba ruhusa ya kuupasua mwili kwa uchunguzi, mkuu wa polisi wa mji akakataa. Zardari alipoulizwa baadaye usiku, jeneza likiwa tayari uwanja wa ndege za kijeshi, naye hakutaka. Kwetu tungesema funika kombe mwanaharamu apite.

Tume haikupewa kazi ya kutaja muuaji. Ilichosema ni kwamba kifo kingeweza kuzuilika kama angelindwa ipasavyo, na kwamba kushindwa kwa polisi kuchunguza kulikuwa kwa makusudi. Haikukiacha chama pia: gari la akiba lililokuwa na vigogo wa PPP liliondoka na kumwacha bila gari mbadala.

Swali linalowachoma wafuasi wenyewe ni hili: PPP ilishinda uchaguzi wa Februari 2008, Zardari akawa rais Septemba, wakakaa madarakani miaka mitano. Kwa nini hawakufika mwisho wa kesi? Nimesoma majibu mengi ya chama. Hakuna lililonitosha.

Wosia ule ni wa kweli?

Siku tatu baada ya kifo, viongozi wa chama walielezwa kuwa marehemu aliacha wosia wa mkono, wenye tarehe 16 Oktoba 2007, unaomwachia mumewe chama. Zardari alimkabidhi uenyekiti mwanawe Bilawal, aliyekuwa na miaka 19 na mwanafunzi Oxford, yeye akabaki mwenyekiti mwenza. Karatasi ilionyeshwa hadharani Februari 2008. Wenye shaka hawakuridhika. Lakini hata wosia ukiwa safi kama maziwa, bado kuna swali la kuudhi zaidi: chama cha wanyonge kinarithishwaje kama shamba la mwinyi?

Bilawal ni Zardari. Mbona anajiita Bhutto?

Jina liliongezwa siku aliyotangazwa mwenyekiti: Bilawal Bhutto Zardari. Katika desturi ya huko mtoto ni wa baba, kwa hiyo watoto wa Murtaza wanaona kuwa Mabhutto ni wao. Kura, hata hivyo, hazifuati desturi hiyo.

Kwa nini watu hugombania majina ya viwanja na mipango?

Mwaka 2008 jina lake liliandikwa kila mahali: uwanja wa ndege wa Islamabad, hospitali ya Rawalpindi alikofia, wilaya ya Nawabshah iliyogeuzwa Shaheed Benazirabad. Uwanja mpya wa ndege ulipofunguliwa Mei 2018 chini ya chama cha Nawaz Sharif, jina likaachwa kwenye uwanja wa zamani, na PPP ikapiga kelele.

Ugomvi mzito ni wa fedha za maskini. Mpango wa Benazir wa ruzuku ya kipato ulianza 2008 kwa rupia 1,000 kwa mwezi, na fedha hupewa mwanamke wa nyumba, si mumewe. Ili apokee lazima awe na kitambulisho cha taifa, na wanawake wengi wa vijijini walikipata kwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Serikali ya Imran Khan ikauingiza ndani ya mpango wake wa Ehsaas, ikaondoa zaidi ya watu 800,000 kwa kusema hawakustahili, wakiwemo jamaa za watumishi wa umma, na jina la Benazir likafifishwa. Upande mmoja uliona usafi, upande wa pili ukaona kaburi linafukuliwa. Tangu 2022 jina limerudi mbele. Mama wa kijiji cha Sindh au Punjab anayesubiri kwenye foleni huziita tu fedha za Benazir, serikali yoyote itakayokuwepo.

Je, si vibaya kumsema marehemu?

Kwa jirani aliyekufa kitandani, ndiyo, tuseme mema tunyamaze. Kwa mtu aliyeshika nchi mara mbili na ambaye jina lake linaendelea kuomba kura, adabu hiyo inageuka kuwa kificho. Nadhani kilichoharibu mjadala wa Benazir ni kwamba mauaji yake hayajapata hukumu. Familia inayojua nani alimuua mtu wao inaweza kukaa siku moja ikasema "lakini alikuwa mkaidi, na mumewe alimponza". Isiyojua inabaki kwenye matanga, na matangani haulizwi mtu habari za madeni. Majenerali nao wananufaika na ukungu huohuo, maana tuhuma zisizothibitishwa huchosha masikio.

Wanawake vijana wa Pakistan wanamwonaje?

Kwa macho mawili. Malala Yousafzai, mtetezi wa elimu ya wasichana, alipohutubia Umoja wa Mataifa Julai 2013 alijifunga mtandio uliokuwa wa Benazir, na kila aliyeiona picha ile alielewa. Benazir pia alijifungua Bakhtawar Januari 1990 akiwa waziri mkuu, kwa siri, akarudi kazini kesho yake, jambo lililokuwa halijawahi kutokea kwa mkuu wa serikali aliyechaguliwa popote duniani. Wakosoaji wa kike hujibu kwamba mlango ulimfungukia kwa sababu ya jina la baba, na nyuma yake ukafungwa. Wote wanasema kweli.

Na nyumbani kwake Larkana?

PPP imetawala Sindh mfululizo tangu 2008. Mwaka 2019 mamia ya watoto wa Ratodero, wilaya hiyohiyo ya Larkana, waligunduliwa na virusi vya UKIMWI, chanzo kikubwa kikiwa sindano zilizotumika zaidi ya mara moja. Wapinzani waliuliza swali moja tu: huku ndiko kwenye makaburi ya mashahidi? Walioshika jimbo hawakuwa na jibu la maana. Wanakijiji wengi waliendelea kuwapigia kura.

Desemba 27 hufanyika nini?

Sindh hupewa mapumziko. Mabasi, malori na matrekta huelekea Garhi Khuda Bakhsh, kijiji kilicho na kaburi jeupe lenye makuba ambamo baba, mama, kaka wawili na Benazir wamelazwa. Watu hutawanya maua ya waridi, hubusu kitambaa, na vijana waliozaliwa baada ya 2007 hupaza sauti "zinda hai Bibi, zinda hai", yu hai Bibi, yu hai. Bilawal na baba yake hupanda jukwaani. Huwataja wauaji bila majina, kisha huanza kuzungumzia uchaguzi unaokuja.